Benchi la Babu Filimbi

Watoto thelathini ndani ya bwawa moja si kazi ya mtu mwenye roho ndogo. Huyu anamvuta mwenzake mguu, yule anakimbia kwenye vigae vilivyolowa, mwingine kameza maji ya dawa na badala ya kukohoa anacheka. Kocha wao, mzee wa miaka sitini kasoro, walimwita Babu Filimbi, naye alijitia hamnazo. Adhabu yake ilikuwa moja tu: mkorofi hutoka majini, hujifunga taulo, hukaa naye benchini na kushika saa ya kupimia muda mpaka mazoezi yaishe. Waliiogopa kuliko fimbo, maana mtoto wa bwawani ukimnyima maji umemmaliza.

Wote ila mmoja. Binti wa miaka kumi na miwili, jina la utani Kiberiti. Huyo akikaa benchini mkono ulishika saa, mdomo ukashika hamsini zake. Alisimulia ya paka wao, ya shangazi yake anayekoroma, kisha siku moja akauliza, "Babu, wewe nyumbani unaishi na nani?"

"Na redio."

Binti alicheka mpaka akasahau kubonyeza saa. Kumbe ndiyo kweli yenyewe. Mke alikuwa amefariki, mwaka wa nne huo, na mwana wa pekee yuko ng'ambo, simu yake ni ya mwezi mara moja. Akishafunga geti la bwawa, kocha hakuwa na wa kumwambia hata pole mpaka kesho yake. Upweke ulimtafuna, na nani angejua? Mwenye filimbi shingoni haulizwi kama ana huzuni.

Wiki mbili kabla ya mashindano ya kuchagua timu, mama yake Kiberiti alipitia bwawani akitoka kazini, sare ya unesi bado mwilini.

"Shikamoo mwalimu. Sikuja kugombana. Mtundu namjua, nimemzaa mwenyewe. Ila kila nikimuuliza, leo tena alikuwa nje ya maji. Kwa mwendo huu timu ataingia kweli?"

"Marahaba, mama. Hebu niangalie."

Alipoondoka, kocha alifungua daftari la makosa kwenye jina la Kiberiti. Mwanzoni: kamzamisha mwenzake, kakimbia ukingoni. Hapo sawa. Kisha: kacheka. Kachelewa dakika moja. Kapiga chafya nikiongea. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Nyani haoni kundule. Miezi miwili alikuwa akimtoa mtoto wa watu majini kwa kuwa tu alitaka mtu wa kuongea naye.

Kesho yake Kiberiti alimrushia kocha maji, makusudi kabisa, suruali ikalowa hadi magotini. Binti mwenyewe alikuwa keshashika ngazi, anatoka, anatabasamu, ana hadithi mpya mdomoni.

"Rudi majini," kocha alisema. "Mizunguko ishirini."

Binti alisimama, mguu mmoja kwenye ngazi. Tabasamu lilimtoka.

"Babu, umenichoka?"

Alitamani kumwambia ukweli, lakini ukweli ule haukuwa mzigo wa mtoto.

"Ogelea, mwanangu," alisema, akakaa peke yake na kuanza kumpimia muda.