Tundu Nililolitangaza Wabera

Mpaka leo nikipita karibu na ule ukumbi wa mtaa wa Wabera, hapa Isiolo, siku isiyo zamu yangu na watu ni wengi, navuka barabara, natembea upande wa pili nikiangalia simu kama mtu mwenye shughuli, na wanaonijua wanacheka. Wacheke. Kuna wengine wameisimulia hii habari wakaniongezea maneno ambayo sikusema, kwa hivyo bora niiseme mwenyewe, na majina nitataja, kwa sababu aibu ni yangu lakini walioisukuma mpaka ikawa kubwa vile wako, na wanalala vizuri tu hapa mjini.

Mimi nilisoma mpaka darasa la nne. Nilikuwa na ng'ombe huko Kipsing, wakaja watu na bunduki wakachukua wote, nikabaki na fimbo, nikahamia mtaa wa Chechelesi na mke na watoto wawili, nikapata kazi ya kulinda huo ukumbi mchana. Ndani mlikuwa na kompyuta nane kuukuu, zililetwa wakati mambo ya serikali ya county yalikuwa bado mapya na kila mtu anapewa kitu, na Halima, binti wa wale wenye malori, alikuwa ameziwekea mfumo wa bure (mfumo ndio ule unaofanya kompyuta iwake na ikusikilize, nami nilikuwa sijui). Akanieleza kwamba huo mfumo hauna tajiri, ni watu wa dunia nzima wanautengeneza pamoja, huyu anashona hapa yule pale, kila mtu anaruhusiwa kuufungua aone ndani, na hata sisi wa Isiolo tunaweza kuingia kwa hiyo kazi, tuutafsiri kwa Kiswahili na tuujaribu tuone unakwama wapi. Tulikuwa wajaribu watano. Aliniingiza mimi pia.

"Mzee Petro," alisema, "wewe unabonyeza kila kitu ambacho mtu hafai kubonyeza. Mtu kama wewe ndiye wanamtafuta."

Nilicheka, lakini jioni nilimwambia mke wangu hayo maneno mara tatu. Tangu ng'ombe waende hakuna mtu alikuwa ameniambia natafutwa kwa uzuri.

Sheria ya Halima ilikuwa moja. Ukiona kitu kimekwama tu, sema mbele ya watu wote, ndiyo desturi yao. Lakini ukiona mahali mwizi anaweza kuingilia, nyamaza, andikia ile kamati ya usalama kwa anwani yao ya siri, wazibe kwanza, wakishaziba wao wenyewe watatangaza. Mimi hiyo sheria haikuniingia. Kwetu ukiona ua wa boma umetoboka unapiga nduru mpaka mlima usikie, na anayenyamaza ni mwenzao na wezi. Namjua mmoja aliyenyamaza, Ekiru, alikuwa jirani yangu Kipsing, aliona nyayo za wale watu asubuhi penye maji na hakupiga nduru, na huyo Ekiru alikuwa mjaribu pia, kiti chake kando ya changu.

Sasa Jumamosi moja Halima ametoka kununua karatasi, mimi nimefunga kompyuta yangu namba nne, ile skrini ya kuuliza neno la siri imetokea, nikaweka themosi juu ya kibodi ili nimenye yai. Themosi ikakalia kile kibonye kikubwa cha pembeni. Nimemenya yai, nimetia chumvi, nimekula nusu, nikainua macho: skrini ya kufunga haipo! Kompyuta iko wazi kama mlango wa kanisa, na hakuna mtu ameandika neno lolote. Nikafunga namba tano, na sita, nikarudia huku nahesabu. Zote.

Nilisimama. Nikakaa. Nikatoka nje nikaangalia barabara, nikarudi. Damu yangu ilikuwa inaenda mbio kama nimeona nyayo mimi mwenyewe. Kuandika barua kwa kamati kungenichukua mpaka adhuhuri, vidole vyangu mnavijua, nikachukua simu nikaingia kwa grupu ya majirani, ile ya mbuzi waliopotea na wezi wa kuku, nikarekodi kwa sauti: "Watu wa Wabera, amkeni! Hizi kompyuta za mfumo wa bure hazina kufuli! Weka kitu kizito kwa kibonye kikubwa, hesabu pole pole mpaka sabini, inafunguka yenyewe! Wanajua na wametuficha!"

(Hakuna mtu alikuwa anajua. Hiyo ya mwisho niliongeza kwa utamu.)

Guyo wa boda ndiye aliichukua akaituma kwa grupu ya waendesha boda wote, na kutoka hapo iliruka. Kabla ya saa tano Mama Fatuma wa kile kikundi cha maziwa ya ngamia, ambaye kompyuta yake ina mfumo huo huo na majina ya akina mama wote na siri zao, alinipigia akilia kwamba shemeji yake ameshafungua akasoma nani amekopa kwa nini, na sasa yeye mama amemtoa nje lakini huyo shemeji amekalia kizingiti na hatoki. Ukumbini watu walijaa kama kuna sinema. Halima alirudi na karatasi zake akasukumana mpaka mlangoni, simu yake inalia kwa mkono, ni watu wa mradi kutoka nchi sijui gani, sauti yangu ilikuwa imewafikia mpaka na tafsiri.

"Mzee, ni wewe?"

"Niliona tundu, Halima. Nikapiga nduru."

"Umewapigia wezi nduru! Kuna watu dunia nzima wamefunga mashine zao na hii kitu, na dawa bado haijapikwa!"

Hapo ndipo Mutwiri wa duka la fotokopi, mtu mzima na ndevu zake, akakaa kwa namba nne akitaka kuonyesha watu, akaifunga tena, akaweka themosi yangu mimi kwa kibonye, umati ukahesabu kwa sauti mpaka sabini. Namba nne ndiyo ilikuwa imeunganishwa na projekta, ile taa ya kumulika picha ukutani. Skrini ya kufunga ikatoka, na chini yake ikaonekana barua niliyoacha wazi nilipofunga, ile niliyokuwa nafanyia mazoezi ya kuandika wiki nzima, herufi kubwa ukuta mzima: WATU WALIONIMALIZA KIPSING. Namba moja, Ekiru.

Mutwiri angeweza kuzima. Hakuzima. Alisoma kwa sauti, na alisoma vizuri, kama mtu wa redio: Ekiru aliona nyayo, Ekiru alinyamaza, Ekiru alikula na wezi.

Ekiru alikuwa amesimama kando ya dirisha.

"Endelea," alimwambia. "Soma mpaka mwisho, mimi sisomi haraka."

Mutwiri aliachia kibodi akainuka kwa kiti.

"Baba Akiru," Ekiru akanigeukia, akiniita kwa jina la mtoto wangu, "umeandika hii lini?"

"Wiki hii."

"Juzi tulikula ugali sahani moja."

Nilinyoosha mkono nikatoa themosi yangu kwa kibonye.

"Nyayo niliziona," akasema. "Na wenye nyayo walikuwa korongoni, karibu hivi, wanatusikia tukikohoa. Nikapiga nduru gani? Nilizunguka nyumba kwa nyumba kama naomba tumbaku, nikatoa watoto mmoja mmoja. Wako walikuwa wawili. Muulize mama yao."

Sikuhitaji kumuuliza, alishaniambia mara nyingi, mimi ndiye sikutaka kusikia, nilitaka ng'ombe wangu wawe na mtu wa kuwalipia. Nilitoka nikiwa nimeshika nusu ya yai mpaka Chechelesi.

Kamati iliziba siku ya pili, walikesha. Halima hakunifukuza. Aliuliza tu, "Ukiona kingine utaweza kunyamaza?" Nikasema nitaweza.

Basi nimeona kingine. Nimewaandikia, kidole kimoja kimoja, wakajibu asante mzee, subiri, na leo ni siku ya kumi na tisa. Sikai. Natembea Chechelesi mpaka Wabera na kurudi, ugali haushuki, mke wangu ameniuliza kama nina mwanamke. Nikikutana na watu wa lile grupu nauma ulimi. Jana nilishindwa, nikaenda kwa Ekiru (hatujakula pamoja tangu siku ile, anasalimia tu), nikamuuliza mlangoni asubuhi ile alinyamazaje saa zote hizo.



"Nilikojoa mara saba," akasema, akasogeza kigoda na mguu. "Kaa."

Nimeapa, mpaka wao waseme wameziba, hata mke wangu hatasikia. Kwa hivyo nyinyi pia msiniulize.