Mvua ya Mchanga Juu ya Mabati

Saa nane na dakika kumi mchana mvua ilianza kupiga paa la ghala la pamba, na saa nane na dakika kumi na nane baba yangu alikuwa amelala. Nazijua saa hizo kwa sababu nilikuwa karani wa ghala. Siku hiyo tulikuwa tukigawa mbegu, na kila mkulima aliyepokea gunia niliandika saa yake. Mvua ilipoanza tulisimamisha kazi. Baba, aliyekuja kuchukua mbegu zetu, alijilaza juu ya magunia matupu kusubiri ipite. Akafumba macho, mdomo ukalegea.

Kwa mtu mwingine hilo lisingekuwa jambo la kuandika. Baba alikuwa na miaka tisa hajapumzika kama watu wanavyopumzika. Alifanya kazi kwenye machimbo madogo ya dhahabu upande wa Geita, kwenye mtambo wa nyundo za chuma zilizoponda mawe. Machimbo yalipofungwa alirudi nyumbani Samuye na sanduku, blanketi, na mlio masikioni. "Kama nyenje waliofungiwa ndani ya debe," ndivyo alivyoueleza. Mahali pakiwa kimya mlio ulizidi. Alisinzia robo saa, akashtuka, akatoka kutembea. Alikonda, akawa mkali hata kwa mbuzi. Mganga wa zahanati alimmulika masikio kwa tochi akasema hayana uchafu. Mimi niliazima kitabu cha mwili wa binadamu kwenye maktaba ya elimu ya watu wazima, nikasoma sura ya sikio mara nne. Ilieleza vizuri namna sikio linavyosikia sauti iliyopo. Juu ya sauti isiyokuwepo haikusema lolote.

Mvua ilikatika saa tisa kasorobo. Baba akaamka, akakaa, akanitazama kama mtu aliyetoka safari.

"Nimelala?"

"Karibu nusu saa, baba."

"Nyenje walinyamaza." Akagusa sikio la kulia, kisha la kushoto. "Ng'wanawane, mwanangu, masikio yangu yameoga."

Siku hizi nasikia kuna watu nchi za mbali wanaolala chali sakafuni, wakapigiwa mabakuli ya shaba mpaka roho itulie, na hilo wanaliita kuoga sauti. Wenzangu wakisimulia hucheka. Mimi sicheki.

Mara mbili baada ya hapo tulijaribu kuiwahi mvua ghalani. Kutoka kwetu ni mwendo wa dakika ishirini na tano, na mvua za Shinyanga hazisubiri mtu. Mara ya kwanza tulifika tumelowa na yenyewe imekwisha. Mara ya pili ilinyesha mashambani, ghala likabaki kavu. Nyumba yetu ilikuwa ya nyasi, na nyasi humeza mvua isisikike. Nikaamua kuezeka chumba cha baba kwa mabati.

Miaka ile ya sabini mabati hayakununuliwa kama chumvi. Ilibidi kuomba kibali na kukisubiri. Niliomba mwezi wa kumi na mbili, nikapata mwishoni mwa mwezi wa nne, mabati manane. Fundi nilimtoa mtaa wa Kambarage, mjini, mtu wa maneno mengi.

"Bwana karani," aliniambia akiwa juu ya boriti, "nyumba hii unaivalisha kofia upande mmoja. Ukitaka sifa, ezeka yote."

"Si sifa. Ni kwa ajili ya masikio ya mzee."

Alinitazama, akatoa msumari mdomoni. "Mzee asikie nini?"

"Mvua."

"Basi umechelewa, ndugu yangu. Mvua imeshaaga."

Alisema kweli. Kuanzia siku ile hata tone halikuanguka. Baba hakulalamika. Kila mchana aliingia chumbani, akalala chali juu ya ngozi ya ng'ombe, akayaangalia mabati kama mgeni aliyealikwa na mwenyeji hajatokea. Mwezi wa kumi na moja ulifika, mbingu nyeupe. Wa kumi na mbili vilevile. Baba akaanza kuacha chakula. Siku moja mama alimkuta amepiga magoti, kichwa amekibana kati ya kinu na ukuta. Baba alimwambia, "Nimechoka na kichwa hiki. Wakati mwingine natamani kukivunja." Mama alinijia ghalani kwa miguu, jua kali, akanipa maneno hayo kama yalivyo.

Nilifikiri kwa mpangilio, kama nilivyozoea. Kilichomtuliza ni kitu kidogo kidogo kinachoanguka juu ya bati, kingi, bila kukatika. Maji hatukuwa nayo. Nilipofika nyumbani nilichukua kikapu cha mtama.

"Hapana," alisema mama. "Mwaka huu? Umwage chakula juu ya paa, majirani wanakuona? Watasema kisomo kimekupasua kichwa."

"Nitauokota."

"Utaokota na kuku watakusaidia. Weka chini."

Nikaenda mtoni, mto ukiwa mkavu, nikachota mchanga ndoo tatu, nikauchekecha nipate chembe zinazolingana. Niliegemeza ngazi ukutani, mama akakaa mlangoni mwa chumba aweze kumwona baba, aliyekuwa amejilaza ndani. Saa tisa kamili nilianza kutikisa ungo juu ya mabati. Sauti ilikuwa nzuri. Nathubutu kusema ilikuwa mvua.

"Amefumba macho," mama aliniambia kwa sauti ya chini.

Nilitikisa ungo wa pili. Kwenye ungo wa tatu niliongeza nguvu kidogo, na mchanga ukateremka mfululizo kwenye migongo ya mabati hadi chini.

Baba alitoka mbio, kifua wazi, mikono juu. "Zimeni!" alipiga kelele. "Zimeni mtambo! Mtu bado yuko chini! Zimeni!"

Niliangusha ungo. Alikuwa akinitazama pale ngazini na hakunijua. Mama alimshika kiuno, wakakaa chini wote wawili. Baadaye nilielewa, ingawa ningepaswa kuelewa kabla: kule machimboni mawe yaliyopondwa yaliteremka kwenye mfereji wa bati. Sauti niliyomtengenezea kwa uangalifu wote ule ilikuwa ya mfereji huo. Ni mtu gani aliyekuwa chini, na kama alitoka, hatukuambiwa. Nilimwuliza mara moja tu. Alisema, "Kachunge mambo yako."

Tangu hapo hakuingia tena chumba kile. Alilala kwenye jiko la nyasi, juu ya majivu ya pembeni, na nyenje, alisema, walikuwa wameongezeka.

Mvua ilikuja mwezi wa kwanza, saa kumi kasoro dakika tano. Ilikuwa nzito kuliko ile ya ghalani. Nilikimbilia jikoni.

"Baba, mvua! Mvua ya kweli. Njoo ulale."

Alikuja mpaka mlangoni. Upande wa pili wa ua mabati yalikuwa yakinguruma. Nilimwona akisikiliza, nikaona uso wake unavyobadilika, nikamshika mkono kumvuta.

"Tazama, ni maji. Shika." Niliukinga mkono wake kwenye mvua.

"Naona ni maji," alisema. Akaurudisha mkono ndani. "Lakini nasikia mawe."

"Mwache," mama alisema nyuma yetu. "Mwanangu, mwache."

Nilimwacha. Alirudi ndani, akajifunika blanketi kichwani, nami nikasimama uani mpaka mvua ikakatika. Nilikuwa nimemtafutia mvua, na nilikuwa nimemharibia.

Baba aliishi miaka sita zaidi, akilala robo saa, robo saa. Mwezi wa tatu wa mwaka uleule nilimwita fundi yuleyule, akateremsha mabati bila mzaha hata mmoja, tukarudisha nyasi. Mabati, misumari, fundi na lori vilinigharimu shilingi mia nne na saba. Mwalimu mmoja aliyekuwa akijenga jiko aliyanunua yote manane, yakiwa na matundu, kwa shilingi mia moja na sitini. Nilipoteza shilingi mia mbili arobaini na saba.