Mashine ya Talmadge Veazey

Walikubaliana Jumapili, nje ya kanisa la Kibaptisti, wanaume wameegemea pikapu zao na wanawake wameshika mabakuli waliyoletea chakula cha pamoja. Siku ya mnada kwa Talmadge Veazey, hakuna mtu wa kaunti ya Tarver atakayefungua mdomo. Benki imemnyang'anya shamba, sawa, sheria ni sheria. Lakini trekta, matrela na mashine ya kupura karanga visipopata mnunuzi, dalali atalazimika kuviachia kwa bei ya kutupa, mtu mmoja atavichukua kwa niaba ya wote, na jioni vitarudi kwa mwenyewe. Arvella Stroud hakuambiwa, kwa sababu hakuna aliyekuwa akizungumza naye. Hata hivyo alijua. Katika kaunti yenye barabara moja ya lami, siri huwafikia hata wasiosalimiwa.

Arvella alikuwa mjane mwenye mabega mapana na ulimi mkali, na alivaa kofia ya marehemu mumewe mvua na jua. Mume huyo, Cleve, ndiye aliyewatia mkosi. Alifungua kibanda cha bia kwenye njia panda, katika kaunti ambayo waumini walikuwa wamepiga kura isiuzwe hata kopo. Mashemasi walimlaani mbele ya madhabahu, na wengine wao Ijumaa jioni walipita dirisha la nyuma kununua. Cleve aliwacheka. Arvella alicheka naye, maana alimpenda, na hakujua kwamba siku moja kicheko kile kingemrudia yeye peke yake.

Cleve alikufa kwa mshtuko wa moyo, juu ya kiti cha trekta, mwezi wa Septemba, karanga zake zikiwa zimeshang'olewa na kupinduliwa mizizi juu zikauke. Pale Georgia ya kusini kuna desturi ambayo haikuandikwa popote: mtu akifa wakati wa mavuno, majirani hupanga mashine zao mstari mmoja na kumvunia mjane kabla hata maua ya kaburini hayajanyauka. Arvella alikuwa ameona ikifanyika tangu utotoni. Kwa hiyo siku iliyofuata mazishi alikaanga kuku wengi, akachemsha maharage kwa kipande cha nyama ya nguruwe, akajaza madumu ya chai baridi yenye sukari, akakaa barazani kusubiri.

Alisikia mashine kabla ya kuiona. Ilikuwa ya Talmadge Veazey, mpya kuliko zote, nyekundu kama nyanya. Ikaja na vumbi lake, ikafika kwenye lango. Arvella alisimama, akajipangusa mikono kwenye aproni. Talmadge aliinua kidole kimoja kutoka kwenye usukani, ile salamu ya barabarani ambayo hata mgeni hupewa, kisha akapita. Alikuwa anakwenda kwa shemeji yake.

Hakuja mwingine. Mvua ikanyesha juma zima. Karanga zikaoza zikiwa zimelala chini, na harufu yake, kama ya soksi zilizosahauliwa ndani ya ndoo, ikaingia mpaka kwenye mapazia. Kuku wale alimpa mbwa.

Ndiyo maana siku ya mnada, miaka michache baadaye, Arvella aliegesha gari lake nyuma ya mengine yote, akaufuata umati bila haraka. Ilikuwa Februari, baridi, watu wamefumbata vikombe vya kahawa. Buford Kitchens alikuwa mbele. Yeye ndiye aliyekuwa na duka la mbegu na vyakula vya mifugo, shemasi mkuu, mtu ambaye mkulima akimwudhi hujikuta hana mbolea. Mpango ule wote ulikuwa wake.

"Umepotea njia, Arvella?" Buford alisema kwa sauti ya kusikika. "Kibanda cha bia kilishafungwa."

"Najua. Tangu kifungwe umekonda, maskini."

Mtu mmoja alicheka, akaacha haraka.

Trekta ikapita kama walivyopanga. Dalali, mtu wa kutoka mjini, aliimba bei mpaka sauti ikamkauka, na watu wakatazama viatu vyao, mwisho shemeji yake Talmadge akataja bei ya kuku wawili na kuichukua. Matrela hivyo hivyo. Dalali akajifuta jasho wakati wa baridi. Ikafika zamu ya mashine ya kupura.

"Nani ataanza? Jamani, kuna mtu humu ana mdomo?"

Arvella aliinua mkono. Akataja bei. Haikuwa ya kutupa, ilikuwa ya haki, na dalali mwenyewe aliogopa kumshukuru.

"Arvella, usithubutu," alisema Lorene, mke wa Talmadge, kutoka ngazi za baraza. "Nakuomba. Usithubutu."

"Shusha huo mkono, mwanamke," Buford alisema. Alipoona haushuki, akataja bei ya juu kidogo. Arvella akaongeza. Buford akaongeza tena, shingo imemwiva. Arvella akataja bei ambayo Buford hakuwa tayari kuilipa kwa ajili ya rafiki, na watu wote waliona kwamba hakuwa tayari. Nyundo ikagonga.

Lorene alikuja moja kwa moja, akipangua watu, akamzaba kibao kilichoiangusha ile kofia.

"Mume wangu halali! Unajua mtu asiyelala anavyokuwa? Unajua?"

"Najua," Arvella alisema, akainama kuokota kofia. "Na mimi karanga zangu zilipokuwa zinaoza, nani alikuja kuniimbia nilale?"

Talmadge alikuwa ameketi ngazini, magoti yamekutana, macho kwenye udongo. Hakuinua kichwa mpaka mashine ilipovutwa nje ya lango.

Kuanzia hapo kaunti ilifunga milango yake, mmoja mmoja. Arvella alikwenda kwa Buford kununua mbegu. Magunia yalikuwa yamepangwa mpaka darini.

"Zimekwisha," Buford alisema bila kuacha kusoma gazeti.

"Na hayo nyuma yako ni mito ya kulalia?"

"Yana wenyewe."

Alinunua mbegu kaunti ya jirani, safari ya asubuhi nzima. Kwenye mkahawa alipoagiza yai na uji wa mahindi, vililetwa vimepoa na kuwekwa meza nyingine, akalazimika kuvifuata mwenyewe. Sanduku lake la barua likatiwa mzoga wa panya buku. Nguruwe wa mtu wakaachiwa shambani kwake, na alipompigia simu mwenye nguruwe, akajibiwa, "Nguruwe hawajui mipaka, Bi. Arvella. Kama wewe tu."

Naye hakunyamaza. Alichimbia kigingi kando ya lami, akaweka sufuria kubwa na kibao alichokiandika kwa rangi nyekundu: KARANGA ZA KUCHEMSHA. WATU WA KANISA MPITE. Wasafiri waliokuwa wakielekea baharini Florida walisimama kupiga picha, wakanunua. Alimpiga mawe mbwa wa mchungaji. Alipokutana na Lorene dukani alimwambia mbele ya watu kwamba mashine inakoroma vizuri. Usiku ule mwenyewe aliona aibu, lakini asubuhi hakwenda kusema samahani. Hakujua angeanzia wapi.

Talmadge na Lorene walihamia nyumba ya bati ya kupanga, nyuma ya kiwanda cha pamba. Talmadge akapata kazi kwenye kiwanda cha kuku, kuwaning'iniza miguu juu kwenye mnyororo unaotembea. Watu walisema, "Maskini Talmadge," wakatikisa vichwa. Baada ya muda walisema hivyo wanapokumbuka tu.

Septemba ikafika. Arvella aling'oa karanga zake na kuzipindua, nazo zilikuwa nzuri kuliko miaka yote. Dereva aliyemkodi kutoka kaunti ya jirani alifanya kazi asubuhi moja, akaenda kunywa kahawa mjini, na aliporudi alisema mgongo unamuuma. Hakumtazama usoni alipokuwa akiondoka. Redio nayo ikatangaza kwamba tufani imetoka Ghuba, ule mkono wa bahari wa kusini, na inapanda kaskazini.

Akapanda mwenyewe juu ya mashine. Mashine ilimeza mstari, ikapiga kelele, ikasongwa na mashina. Akashuka, akayavuta kwa mikono, akapanda tena, ikasongwa tena. Kufikia mchana kiganja kilikuwa kimepasuka, damu imechanganyika na mafuta, na upande wa kusini mbingu imekuwa rangi ya bati.

Pikapu ikasimama kando ya shamba. Akashuka Talmadge, na viatu vya mpira vya kiwandani, ananuka kuku. Arvella alishika spana kubwa.

"Umekuja kutazama?"

"Nimeisikia nikiwa barabarani. Unaiua."

"Ni yangu kuiua."

"Najua ni yako. Kaunti nzima inajua ni yako. Shuka."

"Sikushusha mkono siku ya mnada, nishuke leo?"

Talmadge alitazama mbingu, akatazama mistari iliyobaki. "Sikuja kwa ajili yako. Siwezi tu kuisikiliza ikilia hivyo. Ukitaka kubaki juu, baki, nitarudi nyumbani nikafunge dirisha."

Arvella hakusogea. "Siku ile ulipita," alisema.

"Nilipita."

"Nilikuwa nimesimama barazani. Uliniona."

"Nilikuona." Talmadge alivua kofia yake, akaitazama ndani kama aliyeweka jibu humo. "Buford alisema atakayesimama kwa Stroud asije kununua mbegu kwake. Nilikuwa na deni kwake. Nikaogopa. Basi."

Angedanganya, Arvella angemfukuza. Alikuwa amejiandaa kwa uongo, miaka yote amejiandaa. Huu ukweli mdogo, mkavu, hakuwa na la kuufanyia. Alishuka.

Talmadge aliendesha polepole, mstari mmoja baada ya mwingine, na Arvella akafuata na trekta kuvuta trela. Hawakusema neno ila matusi pale mmoja alipochelewa. Tone la kwanza lilipoanguka, sehemu kubwa ya shamba ilikuwa imeshapurwa na kufunikwa turubali. Kipande cha chini karibu na kijito kikabaki, kikaoza. Chini ya paa la banda Arvella alimletea sahani: kuku wa kukaanga na mkate wa mahindi. Talmadge aliitazama sahani, akageuza uso.

"Sili kuku tena. Na kwako sili chochote. Nilipe niende."

Akamlipa. Hakuna aliyesema asante.

Habari zilifika mjini kabla mvua haijakatika. Kesho yake Lorene alikuja mpaka barazani, nywele zimelowa.

"Ulichukua mashine. Sasa umechukua na mume?"

"Mume wako mchukue jioni. Mchana namhitaji."

"Nakuchukia, Arvella Stroud. Nataka ulijue hilo kutoka kwangu, si kwa watu."

"Angalau wewe umekuja mlangoni," Arvella alisema, akafunga mlango taratibu, bila kuubamiza.

Siku ya kuuza, matrela yalipangwa kwenye foleni ndefu nje ya kituo cha kununulia karanga. Kila mara aliyekuja baada ya Arvella alipungiwa mkono apite mbele, na mpimaji alijifanya haoni. Talmadge, aliyekuwa kwenye usukani kwa malipo ya siku, alivumilia mpaka jua likawa kali, kisha akatoa trela nje ya mstari, akaipeleka moja kwa moja juu ya mizani, akazima injini na kutia ufunguo mfukoni.

Wakamzunguka. Buford akiwa mbele.

"Toka hapo, Talmadge. Hatukutegemea haya kwako. Mtu tuliyesimama naye!"

"Mlisimama nami siku moja," Talmadge alisema. Sauti ilikuwa ndogo, watu wakalazimika kusogea. "Mlikuja uani kwangu, mkanywa kahawa yangu, mkanipenda sana. Baada ya hapo ni nani kati yenu alikuja pale kwenye lile bati? Nani alinitafutia kazi nikaacha kuning'iniza kuku? Buford, wewe una shamba la ekari nyingi na dereva mlevi. Uliwahi kuniita?"

"Huyu mwanamke alikuibia!"

"Alinunua. Mbele yako. Ungeweza kuongeza bei."

Buford akageuka kuwatazama wenzake. Mtu aliyekuwa nyuma yake akakohoa, mwingine akakumbuka kwamba ameacha injini inanguruma. Mpimaji alisubiri kuona kama kuna atakayesema zaidi, halafu akaanza kupima, polepole, uso umemsawijika. Arvella alikuwa ameketi kando ya Talmadge, mikono mapajani. Alitaka kusema jambo, kumshukuru labda, lakini alimwona taya zake zinavyosagana, akajua kwamba hakuyasema yale kwa ajili yake. Alikaa kimya. Kwake hilo lilikuwa jambo gumu.

Talmadge aliacha kiwanda cha kuku msimu uliofuata, akawa dereva wa Arvella mwaka mzima. Buford alimnyima mbegu naye pia alipotumwa dukani, wakawa wanakwenda kununua pamoja kaunti ya jirani, wakibishana njia nzima kuhusu kasi na dirisha. Marafiki hawakuwa. Talmadge alikula mkate wake ndani ya pikapu, milango imefungwa hata wakati wa joto, na mara mbili tatu ulimi ulipoteleza akaiita mashine "yangu", Arvella alimuuliza, "Ya nani?" naye akawasha sigara.

Duka la Buford lilikuja kufungwa, si kwa sababu yao, bali lilijengwa duka kubwa la kampuni kule kwenye barabara kuu, na wale wale waliomwogopa wakamhama bila hata kumuaga. Arvella alilima mpaka magoti yakakataa. Lorene hakumsalimia hata siku moja. Wakikutana mjini, mmoja alivuka barabara, na kwa kawaida alikuwa Lorene, na siku za baridi, magoti yalipokuwa yakimsumbua Arvella, Lorene alitangulia kuvuka mapema zaidi, akiwa bado mbali, ili mwenzake asilazimike kuvuka yeye.