Mikia ya Maneno ya Kiingereza

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkaguzi wa Elimu ya Watu Wazima alinikabidhi boksi la chaki, vitabu vinane vya Kiingereza na darasa la wafanyakazi wa kiwanda cha nguo, waliotoka zamu ya asubuhi na pamba kichwani. "Wakariri kitabu, Mwalimu. Ubunifu uache nyumbani kwako."

Wakakariri. Ukurasa mzima wanauimba, neno mojamoja hawalijui. Basi nikakata maboksi ya viatu, nikatengeneza vikadi. Vingine viliandikwa neno lenyewe. Vingine kiambishi tamati, ambacho sisi tulikiita mkia. Kwenye employ weka -er, umempata mwajiri; weka -ee, umempata mwajiriwa. Kwenye care, yaani kujali, weka -less, huyo ni mzembe. Kwenye neno la kitendo weka -able, jambo linawezekana. Tulivicheza kama karata, watu wazima wakigombana kwa raha. Mkaguzi alipotukuta alifura. "Karata darasani! Mwisho wa mwezi nalifunga darasa hili."

Kabla ya mwezi kwisha, kiwanda kikauzwa. Meneja mpya akatangaza kwamba atakayeshindwa kusoma maelekezo ya mashine mpya ataachishwa kazi. Mwanafunzi wangu Bi Zuhura, mjane aliyetoka kijiji cha Matombo, mwenye watoto watano, alinijia.

"Mwalimu, nikirudi milimani wanangu watakula nini?"

Niliogopa kama yeye, na sikumficha.

Siku ya mtihani nilisimama mlangoni pamoja na Mkaguzi. Meneja alionyesha kibandiko kwenye mashine: removable cover. Soma, kisha fanya. Mwanamume wa kwanza aliimba ukurasa wa tatu wa kitabu. Wa pili alichukua spana, akatafuta nati asiione. Bi Zuhura akafunika mwisho wa neno kwa kidole gumba.

"Unaficha nini, mama?"

"Naficha mkia, bosi. Remove, kuondoa. Sasa naurudisha mkia." Akafikiri kidogo. "Kava linaondoleka."

Akalivuta kwa mikono miwili, likatoka.

Neno lile sikuwahi kumfundisha! Mimi, mtumishi wa serikali, nilipiga kigelegele kiwandani.

Sasa nimestaafu, bila cheo kikubwa, na sijutii hata siku moja. Jioni ya siku ile ya mtihani Mkaguzi aliniomba vikadi akavionyeshe mkoani, kwa sauti ya upole ambayo sikuijua. Nikamwambia akamwombe Bi Zuhura. Mama huyo alikuwa ameshavibeba kwenda kwake, mtaa wa Kichangani, na majirani wanne walikuwa wamekaa ukumbini wakimsubiri mwalimu wao.