Yai Jekundu la Yaya

Juzi nimepita mjini, pale palipokuwa na duka la vitambaa la Mgiriki, na mdomo wangu ukaropoka wenyewe: "Karimera!" Kijana anayeuza simu mlangoni akaniuliza, "Mama, unatafuta nani?" Rafiki yangu, nilicheka hadi nikashika ukuta.

Namtafuta Yaya! Alikuwa mama wa mwenye duka, mjane aliyeletwa kutoka Ugiriki uzeeni, hajui Kifaransa, hajui Kiswahili. Miaka ile ya mwanzo ya uhuru mama yangu alikuwa akishona kwenye baraza la duka, nami nikitoka shule nakaa miguuni pake kuokota vipande. Siku ya kwanza yule mzee akajigonga kifua: "Yaya." Kwao ni bibi. Kwetu tuliotoka Kongo, yaya ni dada mkubwa! Bibi yangu alipolisikia jina hilo nyumbani, mtaa wa Bwiza, akapiga makofi: "Mumama wa mvi kichwa kizima, yaya ya nani?"

Basi tukafundishana. Yeye "kalimera", yaani habari za asubuhi, mimi "karimera", maana Kirundi cha mtaani kilikuwa kimeshanilia L zote. Yeye naye alishindwa na sh na ch. Akitaka chai ni "tsai", akiniaga ni "keso, mutoto, keso!" Cherehani inakwenda tra-tra-tra, biskuti za ufuta zinanukia, na sisi wawili tunachekana.

Pasaka yao, ya Waorthodoksi, ilikuwa inakuja nyuma ya yetu. Mwaka mmoja mwanawe, yule mwenye duka, alijua atakuwa bandarini akipokea mzigo wa Kigoma, ndipo akanieleza shida ya mama yake. Asubuhi ile kwao mmoja husema Kristo amefufuka, na mwingine lazima ajibu, kweli amefufuka. Bila wa kumjibu, Yaya atabaki na Pasaka yake mdomoni. Na Yaya amenichagua mimi! Nilitakiwa kusema "Alithos anesti". Nilirudia nikisonga ugali, nikiteka maji, nikianika ndagala, dagaa wa ziwani, hadi bibi akauliza kama nimepandwa na pepo.

Siku ikafika. Mama akanisindikiza, nimevaa gauni la kanisani. Yaya amesimama mlangoni na yai jekundu pyu mkononi! Akasema lake. Nami, kwa sauti ya kuamsha mtaa: "Arisosi anesiti!" Akafumba macho kwa furaha, akaninyooshea yai. Sasa, kwetu kitu cha mkubwa unakipokea kwa mikono miwili, unapiga goti, unakipeleka nyumbani wakubwa wakione kwanza. Nikapokea, nikapiga goti, nikatoka mbio hadi Bwiza, mama akiniita nyuma.

Bibi akaligeuza juani. Yai la rangi hii, akasema, si la kula, ni mbegu. Akalitia chini ya kuku wake aliyekuwa akiatamia. Majirani wote wakaja kuangalia.

Mara kelele za watoto njiani. Yaya huyo, kwa miguu, jua la utosi, kitambaa cheusi kichwani, yai lingine mkononi, mama akimwonyesha njia! Nikaingia uvunguni. Kumbe mayai yale hugonganishwa, lake kwa langu, ndipo Pasaka inakamilika, nami nilimwachia mkono hewani. Bibi akamwongoza bandani kwa fahari, akamnyanyua kuku. Yaya kuona yai lake la kuchemsha likiatamiwa, alicheka hadi akaketi chini kwenye majivu.

"Mama weee!" bibi akalia mama alipomweleza kuwa limechemshwa. "Kuku wangu munamudanganya!"

Nikatolewa uvunguni, tukagonganisha. Langu, lenye joto la kuku, likapasua lake. Tukayala hapohapo, na Yaya akaomba "tsumvi".

Tulifanya hivyo kila Pasaka. Kisha, miaka ya sabini, duka likafungwa na wenyewe wakarudi kwao. Asubuhi ya mwisho Yaya alinishika mashavu, akasema, "Keso, mutoto, keso."

Sasa naishi mtaa wa Kibenga. Kila mwaka, Pasaka yetu ikishapita, nachemsha mayai mawili na maganda ya vitunguu hadi yawe mekundu. Nashika moja huku, jingine huku. Nasema maneno ya Yaya, najijibu mwenyewe, na L yangu siku hizi imenyooka kabisa. Nayagonganisha. Lakini hakuna aliyenyoosha mkono upande wa pili, na Pasaka inanibakia mdomoni.