Niliapa uongo kanisani Iyolwa, Mwalimu akakataa kuniachia kanisa mpaka niwaambie walioshika mapanga

Wakuu, nawasalimu wote, pamoja na nyie mnaosoma mkiwa ofisini mkijifanya mna kazi.

Mimi ni mzee, nimepita themanini, naishi Busia upande wa Kenya. Nachapa kwa kidole kimoja, kwa hiyo spelling mnivumilie.

Juzi niliona uzi humu kuhusu viongozi wa kanisa wasioandaa vijana, watu wakatukanana mpaka mods wakaufunga. Sikuchangia. Ila ulinikumbusha jambo ambalo sijawahi kuliandika popote. Sitaongeza chumvi, na kuna sehemu zinaniaibisha mwenyewe.

Twende.

Mwanzoni mwa miaka ya sitini nilikuwa na miaka ishirini na kitu, nimeoa, nina mtoto mmoja na shamba la pamba kule Iyolwa, Tororo, ng'ambo ya mpaka.

Kanisa letu lilikuwa la udongo na nyasi. Mchungaji alifika mara moja kwa miezi kadhaa. Siku nyingine zote tuliongozwa na mwalimu wa kanisa, mzee mmoja aitwaye Erisa. Hakuwa na mshahara wa maana, alilima kama sisi.

Erisa alikuwa ananiandaa nichukue nafasi yake. Training yake haikuwa na darasa. Nilibeba Biblia yake, nilipiga ngoma ya kuita watu ibadani, na mara nyingine tulienda kwa baiskeli mpaka soko la Busia kuhubiri.

Nikihubiri vibaya hakunikosoa. Aliniuliza tu, "Yokana, pale uliogopa nini?"

Swali hilo lilinichosha kweli. Mimi nilitaka anipe maneno mazito ya kutikisa watu, yeye kila siku ananiuliza habari za woga.

Sasa basi, mwaka ule zikaja fujo. Watu walikuwa na hasira na machifu kwa ajili ya kodi, wakaanza kuchoma nyumba zao. Kutoka kwetu tuliona moshi upande wa Mulanda, kesho yake upande wa Kiyeyi. Mke wangu Athieno alianza kulala na nguo za safari.

Siku yenyewe Erisa alikuwa Busia. Ilikuwa mchana, nafagia kanisa peke yangu, akaingia Oketcho anahema, shati limechanika.

Oketcho alikuwa karani wa chifu wetu. Ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba kuandika nani ana ng'ombe wangapi ili akadiriwe kodi. Kwa hiyo mnaelewa.

"Yokana, wanakuja," alisema. "Nifiche."

Wakuu, nilimchukia mtu yule. Sio kwa ubaya wake, bali kwa sababu kati ya nyumba zote za Iyolwa alichagua ile niliyokuwemo mimi.

Nikamsukuma chini ya meza ya Bwana, iliyofunikwa kitambaa cheupe kinachoshuka karibu na sakafu. Sikupata hata muda wa kukinyoosha, nikasikia sauti nje.

Walikuwa kama watu arobaini, wana mapanga na mikuki. Mbele yao alisimama Owor, kaka wa mke wangu.

Owor alifanya kazi Tororo mjini, akajifunza Kiswahili cha huko. Kwetu Kiswahili kilikuwa lugha ya askari, kwa hiyo alipokasirika ndicho alichotumia. Nilipomsikia anaanza Kiswahili, nikajua hali ni mbaya.

"Shemeji, karani iko wapi?"

"Sijui."

"Watu naona yeye nakimbilia hapa. Sisi nataka yeye tu. Wewe hatuna maneno na wewe."

Akaingia na wenzake wawili. Kutoka mlangoni mpaka mezani ni hatua labda kumi na mbili. Niliwaza, wakimkuta, watamkata hapa hapa, halafu watanikata na mimi.

Nikachukua Biblia ya Erisa aliyoniachia, nikaweka mkono juu yake.

"Naapa mbele za Mungu, hayumo humu."

Owor akaiangalia Biblia. Akaangalia kule mbele. Akaniangalia mimi, muda mrefu.

"Twende," akawaambia wenzake. "Hayuko."

Walipoondoka nilikaa sakafuni. Nilikuwa nimejikojolea, na katika umri huu sioni sababu ya kuficha.

Kesho yake Erisa alirudi, akamvusha Oketcho mpaka Kenya kwa njia za mashambani. Baada ya majuma kadhaa askari wakatuliza mambo. Mimi nikaanza kutembea kifua mbele. Niliokoa mtu! Nilisubiri Erisa anisifu.

Badala yake akaniita kwake. "Jumapili utawaambia watu kwamba uliapa uongo."

Nilidhani anatania. "Mwalimu, wataniua. Owor ataniua."

"Huenda."

"Kwa hiyo ningemtoa Oketcho?"

"Sikusema hivyo. Ungeweza kusema yumo, ukasimama mlangoni."

"Wewe ungesimama?"

"Sijui," akasema. "Lakini nataka kukuachia kanisa hili, na sitakuachia juu ya kiapo cha uongo. Nitasimama karibu nawe. Kusema, utasema mwenyewe."

Nilikasirika mpaka machozi. Niliona mzee ananipeleka machinjioni kwa mafundisho yake. Siku nne sikula vizuri. Nilifikiria kutorokea Kenya na familia, na Athieno alikubali, tulianza hata kufunga mizigo.

Kwa nini sikwenda? Nadhani nilimwogopa Erisa kuliko Owor.

Jumapili kanisa likajaa. Athieno alimfunga mtoto mgongoni akakaa karibu na mlango, tayari kukimbia. Owor alikaa safu ya tatu. Erisa akasimama kando yangu na Biblia yake.

Nikasema. Sauti haikutoka vizuri, nikarudia. Kwamba Oketcho alikuwa chini ya meza hii, kwamba niliapa uongo juu ya kitabu hiki, na kwamba naomba msamaha kwa Mungu na kwao.

Owor akasimama. Niliona Athieno anashika mlango.

Owor akaanza kwa Kiswahili, safari hii nadhani ili akina mama wasielewe vizuri.

"Shemeji, kaa chini. Siku ile sisi naona viatu."

"Viatu gani?"

"Viatu ya karani. Nyeusi. Nje ya kitambaa. Mimi naona, hawa wawili pia naona."

Sikuelewa. "Kwa nini basi mliondoka?"

Aliangalia chini. Sauti yake ikawa ndogo.

"Mimi sijaua mtu hata siku moja. Watu nyuma yangu nasukuma. Wewe nasema hayuko, na mimi nashukuru."

Akaketi, akafunika uso kwa mikono yake. Mtu mkubwa yule, analia mbele ya dada yake.

Wakuu, kanisa lile niliachiwa, nikaliongoza miaka mingi kabla ya kuhamia huku. Funzo langu ni hili. Kama Erisa angenisifu na kunivika kanzu nyeupe, ningesimama mbele ya watu waliojua kwamba mimi ni mwongo, nikiwahubiria ukweli, na wao wakinyamaza kwa aibu yao wenyewe. Mimi na Owor tungesalimiana hivyo mpaka kaburini.

Erisa hakujua habari za viatu. Nilimuuliza. Alinipeleka pale akiamini ninaweza kufa, na bado sijaamua kama nimemsamehe.

Nyie wachungaji na walezi wa vijana humu, mngemfanyia hivyo kijana wenu? Au mngemwacha apite? Semeni, na anayeona Erisa alikosea asiogope kunipinga.