Mkaushaji Samaki na Kiko Chake

Wiki iliyopita nilikuwa nikinunua chumvi dukani hapa Ifakara nilipoambiwa kwamba yule mkaushaji samaki wa kule kivukoni amefariki dunia. Kifua ndicho kilichomwondoa. Wasomaji wangu waliowahi kuvuka mto kwenda Mahenge watamkumbuka, ingawa huenda jina lake hawakulijua: mzee mwembamba, macho mekundu kwa moshi, kiko mdomoni hata anapoitikia shikamoo. Nimehuzunika, tena nimekasirika kidogo, maana kwa akili aliyokuwa nayo mzee yule alistahili kufika mbali zaidi.

Nieleze kwanza kazi yake. Kambale mnene hakauki kwa siku moja. Unampasua, ukampanga juu ya uchanja, ukamwashia moto mdogo chini yake, ukamgeuza na kumngoja mpaka akakamae. Akiteremshwa mapema, nje anang'aa lakini ndani ana maji, na kabla hajafika Mahenge ameshaoza ndani ya tenga. Wengi pale mtoni waliwateremsha mapema, kwa kuwa mnunuzi amesimama mlangoni na njaa imekaa ndani. Yeye hakukubali kabisa. Nilimshuhudia akimkatalia mchuuzi aliyekuwa ameshafungua tenga lake. "Hawa bado, bwana. Rudi Jumapili." Mchuuzi akasema, "Mbona wanaonekana wamekauka, mzee?" Akajibu, "Ndiyo, wanaonekana." Mchuuzi akaenda zake akinung'unika, na Jumapili akarudi. Walirudi wote, wakizipita chanja za wengine.

Sasa mtu huyo huyo, tumbaku ikimwishia, hakuwa yeye tena. Msimu mmoja wa mafuriko maduka yalikosa tumbaku, akatokea mtu wa Idete na tumbaku ya kusokota kwapani, akataka kubadilishana na kambale. Samaki walikuwa wamebakiza siku mbili tu. Mkewe akamsihi, "Baba, ngoja. Jumapili hawa watakupa tumbaku ya mwezi mzima." Akajibu bila kumtazama, "Jumapili ni yako, mama. Mimi nataka kuvuta sasa." Akatoa nusu ya uchanja. Baadaye, pumzi ilipoanza kumpungukia, mganga wa hospitali alimwambia waziwazi kwamba asipoacha, baada ya miaka michache hataweza kupanda ukingo wa mto. Nilipomuuliza ameamua nini, alicheka. "Miaka michache si leo, mwanangu. Kiko nikikikosa, naumia leo hii. Mto ukishuka nitaacha." Na mto hushuka kila mwaka.

Tumezoea kusema mvutaji haoni mbele. Mimi nakataa, kwani mzee huyu asingeweza kukausha samaki hata mmoja kama angekuwa haoni mbele. Nadhani kila mtu ana mizani zaidi ya moja. Faida ya kesho ya samaki aliipima sawasawa, lakini hasara ya kesho ya kifua chake ilikuwa nyepesi kila mara, kwa sababu upande wa pili palikaa uchungu wa leo. Nasi tusiovuta tusijitape. Ni wangapi katika bonde hili waliouza mpunga ungali kijani shambani, kwa ajili ya ngoma ya wiki hii? Mvumilivu hula mbivu, tunawaambia watoto wetu, na ni kweli, ila tunasahau kuwaambia kwamba mtu mmoja anaweza kuwa mvumilivu kwa jambo hili na mlafi kwa lile.

Lakini kiangazi kimoja aliacha, wala si kwa onyo la mganga. Mkewe hakuipenda harufu ya kiko. Kikiwashwa tu, yeye huingia ndani. Jioni moja akamwambia, "Usipovuta, nitakaa nawe hapa motoni." Mama huyo ni hodari wa visa, anaweza kumwiga kila mchuuzi wa Mahenge kwa sauti na kwa mwendo. Akakaa, na kesho yake akakaa tena. Nikipita njia ile nilimsikia mzee akicheka mpaka mwisho bila kikohozi kumkatiza, kiko kikiwa kimechomekwa kwenye nyasi za paa. Ikawa hivyo kiangazi chote. Kisha mama mzazi wa yule mke akaugua huko Mahenge, naye akaenda kumuuguza, akakawia sana. Aliporudi, harufu ya tumbaku ilimlaki kabla ya mumewe. Mwaka huu mto umeshuka, na mzee hayupo.

Nilipokwenda kutoa pole nilimkuta mama amekaa kwenye mkeka karibu na uchanja, na samaki wa mwisho wa marehemu wakiwa juu yake. Jirani mmoja alitaka kuwateremsha wapikiwe waliokuja msibani. Mama akainuka, akambonyeza kambale mmoja kwa kidole. "Bado," akasema. "Alisema Jumapili." Kisha akanigeukia. "Watu wanasema nisingeondoka angeishi. Mama yangu ningemwachia nani? Lakini sikujua kwamba zile jioni ndizo zilikuwa dawa yake. Ningejua, ningemwomba hata dada yake aje akae naye."

Nikalia naye. Nawe msomaji, kama nyumbani kwako yupo mvutaji, usimtishe kwa miaka ijayo. Mpe leo, jioni hii, kitu kitamu kuliko kiko. Na ukilazimika kusafiri, tafuta mtu wa kukaa mahali pako motoni.